Majina Arobaini na Moja

Mwanangu Editha,

Leo nimeshinda kesi ambayo mshtakiwa alikuwa mimi mwenyewe. Nimerudi kutoka Kirushya saa tisa alasiri nikiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, nimenawa uso, nimekaa kwenye meza ya duka letu hapa mjini Ngara, na tangu siku niliyokuzaa sijawahi kujisikia mwepesi namna hii. Wewe bado uko Nyamiaga kwa shangazi yako. Nilikuambia nenda ukamuage, ukae naye mpaka jioni, maana mguu unamsumbua. Mguu wa shangazi yako ni mzima kabisa. Nilitaka usiwepo nilikokwenda, kwa sababu ungenishika mkono ukaniambia, "Mama, yaishe," nami ningekubali haraka sana.

Ninaichapa barua hii kwa ile mashine yangu ya zamani ya taipu, kwa hiyo makosa utayaona, na yabaki. Isome leo hii kabla hujalala. Usingoje basi, kwa sababu kuna jambo litatokea stendi kesho asubuhi na lazima uwe umejiandaa.

Habari za chandarua, za kufunga sanduku, za kutokula vya barabarani, sitaandika. Baba yako ameshakuandikia orodha nzima, na basi litakaposimama Nyakanazi ataacha tairi za malori ya watu hapo gereji kwake aje dirishani kukusomea yale uliyosahau. Mimi nina jambo moja tu. Linahusu ile siku ya Jumanne majina ya watu wa Kirushya yalipopotea kwenye kompyuta, ukalaumiwa wewe.

Nianze mbali kidogo, unijue vizuri huyu mama uliyenaye.

Nilijifunza kuchapa Biharamulo, kwa mama mmoja mkali aliyekuwa na mashine tatu na kitambaa cheusi. Ukishaweka vidole kwenye vitufe anakufunika mikono na kile kitambaa, unachapa bila kuona. Wenzangu walilia. Mimi baada ya miezi mitatu nilikuwa nachapa huku nikitazama nje nani anapita. Niliporudi Ngara vidole vyangu vilikuwa na sifa. Walimu walileta mitihani, makarani walileta barua, watu wa harusi walileta kadi, na hakuna aliyewahi kunirudishia karatasi. Nikavimba kichwa, sikufichi. Mtu akinionyesha kosa nilikuwa namwuliza kwanza kama yeye amesoma hadi darasa la ngapi.

Sasa elewa jambo moja kuhusu taipu, kwa sababu ndilo lililoniponza. Kwenye taipu, ukiipiga herufi imekaa. Chuma kinagonga utepe, utepe unagonga karatasi, na mvua inyeshe, taa izimike, uinuke ukachote maji, ukirudi herufi ipo. Kwa miaka ishirini macho yangu yalizoea hivyo: nikiliona neno, neno limehifadhiwa. Sikuwahi kufundishwa kwamba kuna mashine ambayo unaweza kuliona neno mbele yako, jeusi, zuri, limenyooka, na neno lenyewe bado halijawa mahali popote.

Mliponiletea kompyuta ile, wewe na baba yako, iliyotumika na kukwaruzwa ubavuni, nilifurahi na nikaudhika kwa pamoja. Nilifurahi kwa sababu duka lilikuwa linapitwa. Nikaudhika kwa sababu mwalimu wangu alikuwa mtoto wa kidato cha nne niliyemfundisha mwenyewe kushika kijiko. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukisema, "Sevu, mama. Sevu kwanza." Nakujibu, "Nasevu nini na sijamaliza?" Ukaona sishikiki, ukaiwekea ile kazi ya kujisevu yenyewe kila baada ya dakika chache. Ukanionyesha kwa furaha, ukasema sasa hata nikisahau, yenyewe haitasahau.

Hapa ndipo pana jambo ambalo hulijui.

Mashine ile ilikuwa dhaifu. Kila ilipojisevu ilisimama kidogo, herufi zinagoma, halafu zinamiminika zote kwa mkupuo. Ilikuwa inanikata mwendo. Mimi, niliyechapa chini ya kitambaa cheusi, nasubirishwa na sanduku. Siku moja ulipokuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, nilifungua pale pale uliponionyesha, nikaiondoa ile alama ya kuifanya ijisevu, nikafunga. Sikumwambia mtu. Nilichapa kama upepo wiki nzima, na kila nilipomaliza kazi niliisevu mara moja, mwishoni, kama mtu anavyotoa karatasi kwenye taipu. Niliamini nimeishinda kompyuta.

Halafu likaja lile jambo la vyeti.

Unakumbuka jinsi watu walivyohangaika. Mtu amezaliwa Kirushya, baba yake amezaliwa Kirushya, lakini alizaliwa nyumbani, hana kadi ya kliniki wala cheti cha ubatizo kinachosomeka, na huku kwetu mpakani usipokuwa na karatasi unaulizwa babu yako amezikwa wapi, na ukijibu unaulizwa nani anajua. Ikatangazwa kwamba maofisa wa vyeti vya kuzaliwa watafika Kirushya Alhamisi. Mtendaji wa kata akasema wasio na karatasi yoyote walete maelezo ya mkunga aliyewapokea, yamechapwa, yana dole gumba lake. Mkunga alikuwa mmoja tu, bibi yako Paskazia, mama wa baba yako. Waliokuwa hawana karatasi yoyote walikuwa arobaini na moja. Wa mwisho wao ulikuwa wewe, kwa sababu ulizaliwa barabara imekatika kwa mvua, na ndiwe mtoto wa mwisho aliyepokelewa na mikono yake. Bila cheti nilijua hesabu zako zote za chuo zingeishia mlangoni.

Bibi yako hakujua kuandika hata herufi moja. Alikuwa na njia yake. Kila aliporudi kutoka kuzalisha, kabla hajanawa vizuri, alichukua chipukizi la mgomba akalipanda kwenye lile shamba lake la mteremkoni, kwa mstari, mmoja mmoja, na akaliita jina la mtoto. Mgomba ukizaa unakatwa, lakini shina linaotesha mwingine pale pale, na mahali ni pale pale. Kila alipopalilia alianzia juu kushuka chini, akiyataja: huyu ni fulani, mama yake fulani, alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, shahidi ni jirani fulani. Watu walimcheka wakisema anaongea na ndizi.

Jumanne ile alikuja dukani asubuhi kwa bodaboda, na nyuma yake wakaja wanawake wanne wa kumsindikiza, Mama Leokadia akiwa mbele yao na kiti chake mwenyewe. Bibi yako akafumba macho, akaanza kutembea shambani kwake kichwani, shina kwa shina, nami nikachapa. Alitaja, nikachapa. Wanawake wakaguna kukubali. Wewe ulikuwa unaingia na kutoka, na mara mbili ulisimama nyuma yangu. Mara ya pili ulisema polepole, "Mama, umesevu?" Nami mbele ya wote nikasema, "Nimekuwa nachapa kabla hujazaliwa." Wakacheka. Ukaondoka.

Saa tisa alasiri nilikuwa kwenye jina lako, la arobaini na moja. Nimechapa "Editha," nimechapa jina la baba yako, na kioo kikawa cheusi.

Hakukuwa na kelele yoyote. Hilo ndilo lililonitisha. Taipu ikiharibika inalia, inakwama, unajua. Hii ilizima kama mtu aliyefumba macho tu. Nilidhani umeme ukirudi nitayakuta maneno yananisubiri. Umeme ulirudi kwa dakika tano, wewe ukawasha mashine, ukafungua, ukatafuta. Hakukuwa na kitu, hata jina la faili, kwa sababu sikuwahi kuipa faili jina. Ukauliza kwa mshangao wa kweli, "Lakini si niliiwekea ijisevu?" Umeme ukakatika tena, na wanawake wote wakageuka kunitazama.

Editha, nilikuwa na nafasi ya kusema. Sentensi moja tu, niliiondoa mimi. Badala yake nikakunyoshea kidole nikasema, "Ndiye huyu. Amechezea mashine yangu, ameiharibu. Mnamwona? Anajifanya fundi." Nilisema kwa sauti ya kusikika barabarani. Ulinitazama, kisha ukatazama mikono yako kama vile unaichunguza ilifanya nini. Ukasema, "Samahani, bibi." Hukuniambia mimi samahani, ulimwambia yeye. Nami nikaiacha samahani yako ikae pale ilipoangukia.

Bibi yako alifumbua macho akauliza, "Hiyo mashine inasahau kuliko mimi mzee?" Halafu akacheka, akafunga kanga yake. Akasema, "Kesho njoo wewe kwangu. Leo nilisoma kichwani. Kesho nitasoma shambani."

Jumatano umeme haukurudi. Nikavuta taipu uvunguni mwa kitanda. Utepe ulikuwa umekauka, unagonga herufi za kijivu kama moshi. Nilikaa chini nikataka kulia. Wewe, niliyekutukana jana yake, ulichukua ile chupa ya mafuta ya cherehani, ukadondoshea utepe matone machache, ukauviringisha, ukauacha juani kwenye bati, na baada ya saa nzima ulikuwa mweusi tena. Hukusema neno. Tukapanda bodaboda mbili, wewe umeipakata mashine kama mtoto mchanga.

Siku ile ninaikumbuka hadi harufu yake. Tulikaa kwenye ukingo wa shamba, mashine juu ya kigoda, karatasi tatu na kaboni katikati. Bibi yako akaanzia shina la juu kabisa. Anasimama, anaweka kiganja kwenye mgomba, anataja. Wewe unabeba kigoda, mimi nabeba mashine, tunashuka naye. Watu walianza kuja. Kila aliyetajwa alikuwa anajibu, "Nipo," na asiyekuwepo mama yake anajibu, "Yupo." Kwenye mstari wa tatu palikuwa na pengo, ugonjwa wa mnyauko uliukumba mgomba ule ukang'olewa na kuchomwa. Nikadhani hapo tumekwama. Bibi yako akasimama kwenye pengo, akasema, "Hapa ni Simoni." Alijua kwa sababu alikuwa hajawahi kuliruka jina lile hata palipobaki patupu.

Tulipofika la arobaini na moja, alikushika wewe begani badala ya kushika mgomba. "Editha," akasema, "alizaliwa mvua inanyesha, mama yake ana haraka kama kawaida yake." Watu wakacheka sana. Nikachapa, nikatoa karatasi. Dole gumba lake likakaa chini ya zote tatu.

Akasubiri uende kunawa mikono. Kisha akaniambia kwa Kihangaza, taratibu, kitu ambacho sijawahi kukuambia. Alisema: "Jina lake umelichapa. Sasa lisafishe." Nilimwuliza ana maana gani. Akasema, "Jana nilikuwa nimefumba macho. Sikuwa nimeziba masikio."

Alijuaje? Hakujua habari za alama niliyoiondoa. Alinijua mimi.

Alhamisi maofisa walikuja, na watu wote arobaini na mmoja walikubaliwa. Wote. Nakumbuka yule ofisa kijana aliinua karatasi juani akasema hajaona maelezo yaliyonyooka namna hii, na Mama Leokadia akapiga kigelegele cha kwanza. Siku ile niliitembeza ile taipu Kirushya nzima kama kombe. Jioni, tulipokuwa tunamsaidia bibi yako kumenya ndizi, akakuuliza, "Mjukuu wangu, hebu niambie. Yale maneno ya juzi yalikwenda wapi?"

Nilikuwa nimeinama kwenye sufuria, lakini nilikusikiliza kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu yeyote. Ulimwambia kompyuta ina kumbukumbu mbili. Moja inaitwa RAM, ndiyo ya kazi ya sasa hivi. Ni ya haraka mno, kila unachokiona kwenye kioo unapoandika kinakaa humo, lakini inashikwa na umeme. Umeme ukiondoka, yote yanaondoka, na huwezi kuyafuata. Nyingine ni diski, au flashi, ambayo ina mwendo wa polepole, lakini ukishaweka kitu humo hata ukiizima ukaiweka kabatini mwaka mzima, utakikuta. Kusevu, ukasema, ni kukitoa kitu kwenye ile ya kwanza na kukiandika kwenye ile ya pili. Basi.

Bibi yako akauliza, "Na hiyo ya kwanza, umeme ukiwepo haisahau?" Ukasema kwamba hapo ndipo pana maajabu: hata umeme ukiwepo ile RAM inavuja, kwa hiyo mashine inalazimika kuipitia yote na kuiandika upya mara nyingi ndani ya sekunde moja, bila kupumzika, isipofanya hivyo inasahau. Bibi yako akaweka kisu chini.

"Kumbe nayo inapalilia," akasema.

Mlicheka mkaegemeana. Akasema basi hiyo ya kwanza ni kichwa chake na hiyo ya pili ni shamba lake, na ukamwambia hasa, bibi, ndivyo hivyo, ila hata diski hufa, kama ule mgomba wa Simoni, ndiyo maana inatakiwa nakala. Wiki ile ile uliyaandika upya majina yote kwenye kompyuta, ukayasevu mara tatu, ukaweka kwenye flashi moja ya kwetu na nyingine ya mtendaji. Nilikutazama nikajua mtoto huyu atasomea haya mambo, na kesho kweli unakwenda kuyasomea. Angalia tulivyofika.

Lakini Kirushya walikuwa wameshakupa jina. Unalijua. Mama Leokadia ndiye aliyelianzisha, bila ubaya, kwa ule ulimi wake: Kifutio. "Kifutio hajambo?" "Kifutio yuko kidato cha tano?" Mwaka juzi tulipomzika bibi yako, mtu mmoja alikutambulisha kwa wageni, "Huyu ndiye mjukuu aliyefuta majina yetu." Ukatabasamu kwa heshima, ukasema shikamoo kwa kila mmoja. Nami nilicheka pamoja nao, Editha. Katika yote, hicho kicheko ndicho kinachoniuma zaidi. Uongo wa Jumanne naweza kuusingizia hofu. Kicheko cha msibani sina cha kukisingizia.

Usidhani nilikuwa nimesahau. Kila asubuhi nikifungua duka nilijiambia, leo nitamwambia. Niliyarudia maneno, nikayapanga, nikayarudia tena. Niliposikia unamweleza bibi yako habari ya mashine inayojiandika upya usiku na mchana ili isisahau, nilijiona. Ukweli wako nilikuwa nao, mzima, hakuna hata neno lililopungua, lakini niliuweka kichwani tu, mahali ambapo nikianguka siku moja barabarani, umekwisha. Nilijihesabia wema kwa sababu ninaukumbuka. Hakuna aliyefaidika na kukumbuka kwangu, wewe ukiwa wa kwanza.

Sina maneno makubwa ya kukupa uende nayo. Ninayokupa ni haya niliyoyalipia. Utafundishwa kazi na watu wadogo kuliko wewe. Wasikilize, usiwaulize darasa la ngapi. Kitu kikiharibika mikononi mwako na watu wamegeuka kukutazama, sema "ni mimi" hapo hapo, maana kila siku unayoichelewesha sentensi ile inazidi kuwa nzito, na mimi nimeibeba miaka karibu mitatu mpaka ikanipinda mgongo. Na mtu akikukosea kama nilivyokukosea, usimnyamazie kwa adabu kama ulivyoninyamazia. Adabu yako ilinisaidia kuendelea na uongo. Ungenipigia kelele siku ile ya utepe ningepona mapema.

Sasa habari ya leo.

Nimekwenda Kirushya kwa misa. Baada ya matangazo nilimwomba katekista nafasi, akadhani nataka kutangaza safari yako na kuomba sala. Nikasimama. Unajua mimi siogopi watu, lakini nilishika benchi kwa mikono miwili. Nikasema, "Mnakumbuka majina yalipopotea. Mtoto wangu aliiwekea mashine ulinzi. Mimi niliutoa kwa mkono wangu, kwa kiburi, kwa sababu ulinichelewesha. Aliniuliza mbele ya hawa kama nimesevu, nikamdhihaki. Yalipopotea nikamsingizia. Hakufuta kitu. Yeye ndiye aliyeupaka mafuta utepe mkapata vyeti vyenu."

 Nikaona vichwa vinageuka, na nikajua maana ya kugeukiwa, nikakaza miguu. Kisha Mama Leokadia akainuka kutoka benchi la mbele, polepole, akaweka mikono kiunoni.

"Kwa hiyo Kifutio ni wewe, Veneranda."

"Ni mimi," nikasema.

"Miaka yote hii tunamwita mtoto wa watu."

"Ni mimi, Mama Leokadia."

Akanitazama, nikadhani atanitemea mate. Akapiga kigelegele. Sijui alikitoa wapi, mama mwenye umri ule, kilitikisa bati. Wenzake wakakipokea, watu wakacheka, katekista akapiga makofi mezani kuomba utulivu na mwishowe akacheka mwenyewe. Tulipotoka nje watoto wadogo walikuwa tayari wananiita Kifutio, na nimewaitikia kila mmoja.

Hatukuishia hapo. Wanawake wakanivuta hadi shamba la bibi yako. Tangu azikwe nimekuwa nikilipalilia, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba nimekuwa nikiyataja. Leo wakanisimamisha kwenye shina la juu wakasema, "Haya, mke wa mwanawe, bila karatasi." Nikaweka kiganja. Nikashuka mstari kwa mstari, na pale kwenye pengo nikasimama nikasema, "Hapa ni Simoni," na mama yake akajibu, "Yupo." Simoni yuko Mwanza, ana kazi, kwa cheti kile kile. Nilimaliza yote arobaini na moja bila kuruka hata moja. Kwenye mgomba wako pana mkungu mkubwa, umeinama hadi tumeuwekea mti wa kuutegemeza.

Sasa jiandae. Waliniapisha nisikuambie, lakini nimechoka kuficha mambo. Kesho saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla basi halijaondoka, utawakuta stendi. Wanakuja kwa miguu, wengine wataanza safari kuku hawajawika. Mama Leokadia atakuwa na kiti chake. Usifikiri wamekuja kukutania. Watapanga mstari kama shamba lilivyo, nami nitasimama pale aliposimama bibi yako, nitayataja majina, na kila mmoja ataitika, na asiyekuwepo ataitikiwa na mama yake. Abiria watashangaa, kondakta atapiga honi, wacha apige.

La mwisho litakuwa lako. Nitalitaja kwa sauti ya kusikika barabarani, kama nilivyofanya siku ile, nami nitakuwa nakutazama usoni.

Usinong'one kwa adabu, mwanangu. Itika kwa sauti, stendi nzima isikie.

Mama yako,
Veneranda,
ambaye kuanzia leo ndiye Kifutio